“Ukoo wetu hakuna anayetoboa”: umaskini wa kurithi unavyofanya kazi

Juzi, jijini Mbeya, nilipanda daladala Mwanjelwa kwenda Uyole. Kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja na kiroba cha mbegu za viazi, pembeni yake kijana aliyekuwa akimwita mama mdogo. Gari lilipokuwa linasubiri kujaa, kijana akasoma kwa sauti bango lililobandikwa kwenye nguzo: siku saba za maombi ya kukata mnyororo wa umaskini wa ukoo. Akacheka. Mama mdogo hakucheka. “Cheka tu. Hesabu kuanzia kwa babu yako mpaka kwako wewe. Nani katoboa?”

Kijana alihesabu kimoyomoyo, kisha akageukia dirishani.

Swali hilo la nani katoboa, yaani nani kautoka umaskini, nimelisikia Makambako, nimelisikia Iringa mjini, na kwenye misiba ya kwetu Mufindi halikosi. Majibu yake huwa matatu. Wa kwanza anasema laana. Wa pili anasema uvivu na pombe. Wa tatu, huyu wa kwenye simu mwenye suti na kipaza sauti, anasema badili fikra zako. Ukiwasikiliza vizuri, wote watatu wanakuambia nani wa kulaumiwa, lakini hakuna anayekuonyesha kitu chenyewe kinapitaje kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Naomba tujaribu kukifuata hicho.

Kwanza maneno, maana ndipo tunapopishana. Serikali inapompima maskini inaangalia matumizi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kama sh 1,640 kwa siku, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo. Hiyo ni picha ya mnato. Haikuambii kama aliyepigwa picha alianguka mwaka jana baada ya kuunguliwa nyumba, au alizaliwa pale na baba yake naye alizaliwa palepale. Wa kwanza ana umaskini wa kupita. Mpe mwaka mmoja na ndugu wawili wenye uwezo, atasimama. Wa pili ndiye tunayemzungumzia. Anaanza maisha kwa mabaki ya shida za wazazi wake: shamba lililogawanywa mara tatu, shule iliyokatikia njiani, afya iliyoharibika utotoni, na ndugu wa kumshika mkono ambao nao mikono yao haina kitu.

Ukinibana niseme kwa neno moja kinachorithiwa ni nini, nitasema ni kukosa subira. Sina maana ya subira ya tabia. Nina maana ya subira inayogharimu pesa: uwezo wa kukaa na kitu chako mpaka kifike bei yake.

Chukua mahindi, maana hapa kwetu kila kitu kinaanzia kwenye kihenge. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, bei hubadilika kila mwaka, lakini mkulima yeyote wa Ilula au Mbozi ataitambua. Familia inavuna magunia 10 na inahitaji 8 ya kula mpaka mavuno yajayo. Julai mahindi yamejaa kila mahali, gunia ni sh 50,000. Lakini Julai hiyohiyo ndiyo aliyekukopesha mbolea anakuja mlangoni, ndiyo michango ya harusi na misiba uliyoahirisha inadaiwa. Familia inauza magunia 6, inapata 300,000, inalipa, inabaki na 4. Manne yanaisha Desemba. Januari inatakiwa inunue chakula, na gunia sasa ni 90,000. Yale magunia 4 yaliyopungua iliyauza kwa 200,000. Kuyarudisha ni 360,000. Hiyo ni riba ya asilimia 80 kwa miezi sita, na hakuna karatasi iliyosainiwa wala mtu wa kumshitaki.

Jirani mwenye duka hakuuza Julai. Shamba lake halizidi la huyu kwa ukubwa, wala haamki mapema zaidi. Alikuwa na cha kulipia madeni wakati mahindi yake yanasubiri Februari.

Hesabu haijaisha. Hakuna maskini anayenunua gunia zima Januari. Ananunua debe, na debe likishindikana ananunua kwa sado, lile kopo dogo la kupimia, ambako kilo moja ni ghali kuliko zote. Ili apate pesa ya sado anakwenda kibarua. Januari na Februari ni palizi na mbolea ya kukuzia, kwa hiyo kibarua kipo kingi: anapalilia shamba la mwenye duka huku la kwake linameza majani. Akirudi kulishika, mahindi yameshakuwa ya njano. Msimu ule magunia 10 yanakuwa 7. Na Januari ileile shule zimefunguliwa.

Sasa niambie hapo uvivu uko wapi. Huyu mtu amefanya kazi kwenye mashamba mawili, na kwa sababu ya kufanya kazi kwenye mashamba mawili amevuna kidogo kuliko aliyefanya kwenye moja. Kijiji kikipita njiani kinaona shamba lenye majani, kinasema mvivu.

Kuna jambo la kichwani pia. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipimwa mara mbili, kabla ya mavuno akiwa hana kitu, na baada ya mavuno akiwa amelipwa. Kwenye maswali ya kufikiri alifanya vibaya zaidi kipindi cha ukata. Akili ilikuwa ileile, ila ilikuwa na kazi nyingine. Aliyewahi kukaa kikaoni huku anawaza kodi ya nyumba ya kesho hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana ushauri wa “panga mipango ya muda mrefu” humfikia maskini kama redio yenye mikwaruzo: anasikia sauti, maneno hayashiki.

Turudi kwa mama mdogo. Alisema hesabu kuanzia kwa babu. Sawa, tuhesabu, ila tusiruke mwaka.

Babu, au baba wa babu, aliikuta kodi ya kichwa ya wakoloni. Nyanda hizi zilikuwa mbali na reli ya zamani na mashamba makubwa ya mkonge, kwa hiyo kilichotolewa hapa kilikuwa watu. Wanaume wa Njombe na Iringa walipelekwa Tanga na Morogoro kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Wanyakyusa wengi walikwenda dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine wakavuka hadi migodi ya kusini. Waliobaki kulima walikuwa mama na watoto. Mwanamume alirudi na blanketi, baiskeli akibahatika, na mgongo uliokwisha.

Kizazi kilichofuata kilikutana na UKIMWI. Takwimu za 2022/23 bado zinaweka maambukizi kwa watu wazima kwenye asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Leo mtu anameza dawa na kulea wanawe mpaka wajukuu. Lakini dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004, na kabla ya hapo kuna vijiji vya Makete vilibaki na bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Mama yangu alifariki mwaka 2000. Nilikuwa na miaka saba. Ng'ombe aliuzwa kwa ajili ya hospitali, kipande cha shamba cha bondeni kikauzwa kwa ajili ya mganga, na msiba ukamaliza kilichobaki. Mimi na dada yangu tukahamia kwa bibi.

Mtu akihesabu ukoo wangu kutokea kwenye kiti cha daladala ataona vizazi vitatu vilivyokwama na atatafuta jina moja la kuvifunika. Laana linafaa kama jina. Ila ukifungua ndani unakuta kodi, mkonge, ugonjwa, ng'ombe mmoja na shamba la bondeni.

Sisemi hivi kuwadharau wanaokwenda kwenye yale maombi. Binamu yangu aliacha ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye mkutano kama huo, na kuacha ulanzi kulibadilisha nyumba yake kuliko semina yoyote ya ujasiriamali. Ulanzi unagemwa bure kwenye mianzi yako mwenyewe wakati wa mvua, miezi ileile ya njaa na palizi. Ni rahisi kuliko chai ya maziwa. Mbeya ina makanisa mengi na baadhi yake ndiyo sehemu pekee ambapo mtu aliyekata tamaa anaulizwa habari za wiki nzima. Tatizo langu na neno laana ni dogo lakini ni kubwa: linamfanya mtu atafute kamba ya kukata, wakati anachokosa ni debe la Januari.

Kitu kingine hurithiwa kabla mtoto hajajua kusema. Mikoa yetu inalisha nchi, malori ya mahindi na viazi yanashuka mlima Kitonga usiku na mchana, lakini kwenye utafiti wa afya wa 2022 asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, Njombe 50.4. Nchi nzima ilikuwa 30. Udumavu maana yake mtoto ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na magonjwa ya kurudiarudia, na sehemu kubwa hujengeka kuanzia mimba mpaka siku yake ya kuzaliwa ya pili. Watu husikia “udumavu” wakafikiri njaa. Mtoto wa hapa mara nyingi ameshiba: ugali asubuhi uliolala, ugali mchana, ugali jioni na mboga ya majani. Mayai yameuzwa, maziwa yameuzwa, maharage yameuzwa, na mama yuko shambani tangu alfajiri, mdogo kaachwa na mkubwa wa miaka sita. Tumbo limejaa, ubongo haukupata vifaa vya ujenzi. Mtoto huyo akifika darasa la tatu hajui kusoma, mwalimu atasema ni mzito kama baba yake. Urithi umekamilika hapo, na hakuna aliyegundua ulipopita.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Mtoto anayelala akisikiliza kama baba amerudi na hasira au amerudi na wimbo huwa kama gari lililosimama huku injini inanguruma: haliendi popote, mafuta yanaisha. Asubuhi darasani anasinzia, au anapigana kwa kuguswa bega. Mambo haya hayaandikwi kwenye takwimu za umaskini lakini ndiyo yanayomfanya binti wa miaka 13 akubali haraka pale shangazi asiyemjua vizuri anapokuja na habari za kazi Dar. Tunacheka na utani wa mahausigeli wa Iringa, nchi nzima inacheka. Sheria ya kazi ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi inayomnyima masomo hairuhusiwi hata akizidi umri huo; basi la saa kumi na mbili asubuhi halimuulizi. Kumuondoa shule ni sawa na kuuza hindi la Julai. Familia imepata kidogo sasa, na imeuza kitu ambacho bei yake ilikuwa mbele.

Tufike kwa wanaotoka, maana wapo.

Mwaka 1955 walizaliwa watoto 698 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, na watafiti wakawafuatilia hadi utu uzima. Wengine walikulia kwenye umaskini, ulevi wa wazazi, ugomvi na magonjwa ya akili nyumbani. Karibu theluthi moja ya hao wa mazingira magumu walikua watu wazima wenye kazi, familia na utulivu. Kitu kilichojirudia kwenye maisha yao ni mtu mzima mmoja aliyewashikilia bila kuyumba: bibi, mwalimu, jirani. Nasema mmoja, maana tunadhani mtoto wa mazingira magumu anahitaji mradi wenye gari na nembo.

Kwangu kulikuwa na wawili. Bibi, na mwalimu wa hesabu aliyekaa nyumba ya shule. Jioni huyu mwalimu alikuwa ananiagiza maji, ndoo moja. Miaka mingi nilidhani hana mtu wa kumchotea. Siku moja nilifika mapema nikakuta pipa lake limejaa mpaka mdomoni, na bado akanipa ndoo. Nikirudi aliniambia, “Kaa kwanza upumzike,” na kwenye kupumzika kulikuwa na sahani, na baada ya sahani kulikuwa na taa ambayo naweza kusomea mpaka saa tatu. Hakuwahi kunitajia neno msaada.

Mtu mmoja anasaidia, lakini mtu mmoja hafuti ada. Niliposoma mimi, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa sh 20,000 kwa mwaka, na michango juu yake iliizidi ada yenyewe. Ada hiyo ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Wapo wanaosema basi, shule ni bure, anayeshindwa ni kutaka kwake. Ada imefutwa, ndiyo, na ni jambo kubwa. Sare, viatu, madaftari na kilo za mahindi za chakula cha shule havikufutwa, na vyote vinadaiwa Januari. Mnaiona Januari inavyorudi?

Ukishaielewa hiyo kalenda, unaweza kuupima msaada wowote kwa swali rahisi: unamwezesha mtu kusubiri, au unamharakisha kuuza? Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, umekuwa ukitoa ruzuku kila baada ya miezi miwili, nayo imefungwa na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Fedha ni kidogo, watu huicheka, lakini zikifika Julai zinaweza kuokoa gunia moja lisiuzwe. VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, inayogawana mwishoni mwa mwaka, kabla ya mbolea na shule, inafanya kazi hiyohiyo. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, haina riba. Kikundi chenye zao la kusubiri kinafaidika nayo kuliko kilichoandika andiko zuri la mradi kisioujua. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ni kinyume chake kabisa. Marejesho ya kila wiki kwa mtu anayevuna mara moja kwa mwaka ni kumlazimisha auze kila wiki: kuku leo, bati kesho. Halafu tunashangaa mama wa watu kakimbia nyumba.

Sasa yule aliyetoboa. Hapa ndipo simulizi za wahamasishaji huishia, na hapa ndipo wengi wetu tulipoanza kukosa usingizi. Wa kwanza kupata mshahara kwenye ukoo hapandi ngazi peke yake. Amefungwa kamba kiunoni na chini kuna watu tisa. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa: kwenye 800,000 ni 120,000, bila kuhesabu kodi na michango. Kinachobaki kina bati la bibi, sare za watoto wa dada na simu ya mjomba inayoanza na “habari za siku nyingi”. Mwenzake wa ofisini aliyetoka familia yenye nacho anakatwa kodi kama yeye, ila hapigiwi simu. Tena anapewa kiwanja. Baada ya miaka mitano mmoja ana nyumba na mwingine ana shukrani za watu. Akianza kukataa simu, anaitwa mwenye roho mbaya, na usiku anajiita hivyo mwenyewe.

Sina dawa ya hilo. Ninachofanya mimi ni kuwaambia wazi mwezi gani natuma na kwa ajili ya nini, na natuma zaidi Desemba kuliko Julai. Mjomba aliona ni maringo. Dada alielewa siku ya kwanza.

Na kwa wanaoniuliza nilitobolea wapi, wakitegemea nitaje chuo au biashara, huwa nawaambia habari ya miti. Mwaka 2003 bibi alipanda miche 200 ya paini juu ya kilima, mahali ambapo mahindi yalikuwa hayashiki. Mufindi kila mtu anajua paini inataka miaka zaidi ya 10 ndipo itoe mbao zenye maana, na kila mtu anamjua mnunuzi anayekuja mwaka wa sita na pesa taslimu. Alikuja 2009. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimerudishwa nyumbani kwa michango. Mjomba alitaka tuuze palepale, akasema unakataaje pesa na mtoto kafukuzwa shule. Bibi aliuza nguruwe wawili. Mnunuzi aliondoka akituambia tutamtafuta.

Tulikata mwaka 2019. Bibi alikuwa bado yupo, akaketi kwenye gogo la kwanza na kuwahesabia wapasua mbao, maana hakuwaamini. Pesa ile ilimsomesha ufundi umeme mtoto wa dada na kuezeka nyumba. Paini haichipui kama mlingoti, yaani mkaratusi, ukikata umekata, kwa hiyo mvua za kwanza tulipanda upya, safari hii miche 400. Sasa imetupita kimo, na mwezi uliopita mjomba kapiga simu kuuliza kama kuna mtu ameshakuja kuitazama.